Munganga wa Kiberiti

Kisangani ukitaka kukosa raha, nunua koti jeupe. Wala usilivae, lianike tu kwenye kamba watu walione. Tangu mama alipofua la kwangu na kulitundika mbele ya nyumba yetu hapa Mangobo, nimekuwa munganga, yaani daktari, wa mtaa mzima. Nimeeleza mpaka koo limekauka kwamba nasomea maabara, niko mwaka wa pili, kazi yangu ni kuangalia damu, mkojo na vile vingine, kutibu kuna wenyewe. Wananiitikia vizuri sana, "Ndiyo, munganga," halafu wanaendelea kunieleza mgongo unavyouma.

Kuna mama jirani, muuza lituma, yale madonge ya ndizi za kupondwa. Asubuhi moja alinikuta nakunywa chai, akaweka kiboksi cha kiberiti mezani, kando ya mkate.

"Munganga, nimekuletea."

"Nini hiyo, mama?"

"Ya mtoto. Ya sasa hivi, bado ina moto."

Nikamwambia maabara iko chuoni, na hata huko darubini ina foleni.

"Basi angalia kwa macho tu. Si umesoma?"

Na kusema haki, mama yule alifanya vizuri kuliko wagonjwa wengi. Choo kinatakiwa kifike kikiwa kipya, kwa sababu amiba akishapoa hatembei tena, na amiba asiyetembea ni shida kumtambua. Lakini utamsifuje mtu kwa jambo hilo wakati mkate wako unatazamana na kiberiti chake?

Wengine wanataka sindano. Dawa isiyochoma, kwao, ni peremende. Mzee wa mlango wa pili ananibembeleza: "Nichome hata ya maji, mwana wangu, nipate nguvu." Hapo nakataa kabisa, na wa kulaumiwa ni mwalimu wetu wa usafi, ambaye hawezi kumaliza somo bila kutupeleka Yambuku. Mwaka 1976, kwenye hospitali ya misheni kule, mabomba matano ya sindano yalikuwa yakitolewa kila asubuhi kwa wagonjwa wa siku nzima, yakawa yanasuuzwa tu kwa maji kutoka mtu hadi mtu. Ebola haikuhitaji msaada mwingine. Wafanyakazi 11 kati ya 17 wa hospitali walikufa, milango ikafungwa. Nimemsimulia mzee yote haya kwa utulivu. Jibu lake: "Shule imekupa kiburi."

Chuo chenyewe sikitaji jina, maana alama za kikao cha kwanza cha mitihani bado hazijatoka. ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, iko mjini, vingine viko, wasomaji wagawane lawama wapendavyo. Silabusi tunanunua, na mwalimu anajua nani hajanunua, hilo tuliache. Kinachonikera ni darubini. Kipimo cha malaria tunachokiita gute epesi, yaani tone nene, hakina ujanja: unachoma kidole, unaweka tone la damu kwenye kioo, unalizungusha liwe duara dogo, unaacha likauke, unatia rangi ya Giemsa, kisha unadondosha mafuta na kutazama kwa lenzi ya 100. Haya yote tunayafanya vizuri, mpaka kwenye neno "kutazama". Umeme ukiwa umekwenda, na huo huenda kama mgeni asiyeaga, tunatoa darubini ya zamani yenye kakioo chini, tunaielekeza dirishani iombe jua. Sasa huu ni mji wa ikweta. Mawingu yakitanda alasiri, vijidudu vyote vinatoweka, na kundi zima linaandika "hasi". Kama malaria ingekuwa inategemea hali ya hewa ya darasani kwetu, jimbo letu la Tshopo lingekuwa limepona zamani.

Nyumbani nako hakuna amani. Yaya, ndugu yangu mkubwa, ni muuguzi wa A1, alisoma miaka mitatu akapata graduat, na ili aitwe mwenye lisansi alitakiwa aongeze miwili. Mwaka wa masomo 2021-2022 serikali ikaleta mfumo wa LMD, yaani lisansi, masta, doktora: miaka ile ile mitatu, sasa inaitwa lisansi. Yaya analiona hilo kama wizi, na mwizi ni mimi. Chakula kikichelewa utasikia, "Mwambieni mwenye lisansi apike."

Babu ndiye hukata kesi. Anakumbusha kwamba enzi za Wabelgiji, mji huu ukiitwa Stanleyville, kulikuwa na asistani-mediko: Wakongomani waliosoma miaka na miaka, wakapasua watu matumbo na kuyashona, na bado wakabaki wasaidizi. Juni 30, 1960 nchi ikapata uhuru bila daktari hata mmoja Mkongomani. Ikabidi Shirika la Afya Duniani lipeleke makumi ya asistani hao Ufaransa, wakarudi madaktari kamili. Babu anasema hivyo ili nivumilie. Mimi nimeelewa kwamba kuna ndege, nami naisubiri.

Wakati inachelewa, nafanya staji, mazoezi ya kazi, ng'ambo ya mto Kongo, Lubunga, katika kituo cha afya. Navuka kwa mtumbwi na koti langu ndani ya mfuko wa plastiki, nikifika ni jeupe kuliko mimi. Juzi aliletwa mtoto anayewaka homa. Mimi ndiye niliyemchoma kidole, mimi niliyeinama juu ya kile kioo mpaka shingo ikagoma, mimi niliyeviona vijidudu vimejaa kama watu sokoni na kuandika misalaba yote minne, alama ya kwamba vimezidi. Mtoto akapewa dawa, akapona. Baba yake alirudi kushukuru. Daktari alipata jogoo, muuguzi akapata mkungu wa ndizi. Kisha mzee wa watu akaja mpaka kwenye kidirisha cha maabara, akavua kofia. Nikasimama, nikajifuta mikono, nikaweka sura ya unyenyekevu.

"Samahani, munganga," akasema. "Choo kiko upande gani?"