Nafasi ya Mashine

Nyumba inayoongezwa chumba hapa Baraka, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, huwa na wachora ramani wawili: fundi aliye hapa na ndugu aliye ng'ambo. Fundi ana mita na uzi, ndugu ana dola. Wakikosana, mita ndiyo inayokunjwa.

Ndugu yetu sisi ni shemeji, kaka wa mke wangu, mkazi wa Kentucky. Walikulia pamoja kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, upande wa pili wa ziwa, iliyofunguliwa 1996 vita vilipotutawanya watu wa Fizi. Dada akarudi na meli ya wakimbizi na kushukia bandari ya Baraka. Kaka akaitwa kwenye ndege. Alipokubali kugharamia chumba nyuma ya nyumba, tulimwambia tunahitaji depo, mahali pa kuweka vitu ambavyo sebuleni vinatuaibisha na nje vinaibwa.

Jibu lilikuja usiku kwenye WhatsApp, picha moja na sauti kadhaa. Pichani kuna chumba cheupe, mashine mbili zimekaa bega kwa bega, moja ya kufua na nyingine ya kukaushia, rafu za sabuni juu yake, na chini kabisa, karibu na sakafu, beseni la kujengea. Nikamwuliza hilo la chini ni la nini. La kuoshea mbwa.

Mama mkwe, tunayeishi naye, aliomba sauti ile irudiwe aisikie vizuri. Kisha akauliza. Hakuniuliza mimi, alimwuliza binti yake, mimi nikiwa nimekaa katikati yao: "Huyo mbwa ana kazi gani huko, hata anaogeshwa ndani ya nyumba?"

Sisi hatuna mbwa. Tuna pikipiki, magunia ya makala ya kupikia, bidoni za mawese, batri ya sola, kinu na mchi wake, majembe, na sanduku la vyombo vya harusi ambavyo vinangoja harusi nyingine. Lakini shemeji hakulegea. Acheni nafasi ya mashine, alisema, sentimita 60 kwa 60, karibu na dirisha. Ipo siku ataipakia kwenye kontena. Nikamkumbusha kwamba umeme wetu ni wa jua likipenda, na wa jenereta petroli ikipatikana. Halafu maji. Mashine ya mlango wa mbele hutumia lita 50 hivi kufua mara moja. Kwa hesabu ya Baraka hizo ni bidoni mbili na nusu, za kichwani. Mama mkwe alizipima kwa shingo yake akatoa hukumu: "Kama mimi ndiye wa kuichotea maji, basi mashine ni mimi."

Nafasi ilichorwa hata hivyo. Dola ni dola. Chumba ni mita 3 kwa mita 2 na nusu, na kwa kuwa nafundisha jometria, nilikabidhiwa karatasi ya miraba na penseli iliyochongwa. Ugumu wa depo, niwaambie mnaotaka kujenga, hauko kwenye kuta. Uko kwenye ujirani. Makala hayakai na nguo zilizofuliwa, hilo kila mtu analijua. Petroli ya pikipiki haikai na chochote. Mawese yakiwekwa juu ya rafu, siku bidoni itakapovuja kila kilicho chini yake kitabatizwa rangi nyekundu. Yakiwekwa chini, kuna mtoto ataifungua bidoni aone kama bado yamo. Na ndakala, dagaa wetu wa ziwani, nao wana neno lao. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukipevuka wavuvi wengi hubaki nyumbani na bei hupanda sokoni. Mama mwenye akili hununua mapema, wangali rahisi, akawaweka wakavu kwenye gunia. Kwa mchora ramani, maana yake ni kwamba kila mwezi gunia zima la harufu litahamia chumbani, na litataka kukaa penye hewa, yaani dirishani, yaani pale pale penye nafasi ya mashine.

Halafu mihogo. Ile michungu hulowekwa siku tatu au zaidi ili sumu itoke, ndipo ianikwe na kutwangwa, na anayejali bugali wake hafupishi siku hizo. Mama mkwe alitaka pipa la kulowekea liingie ndani, maana la nje mbuzi wa jirani wamelizoea. Aliyewahi kupita karibu na pipa la namna hiyo siku ya tatu ataelewa kwa nini nilinyamaza. Lakini mkwe habishani na mama mkwe. Nikamwambia mke wangu amwambie mama yake kwamba wazo ni zuri. Mama yake alikuwa amesimama mbele yangu, ananitazama.

Mke wangu ndiye mwenye akili ya vyumba katika nyumba hii. Kambini walilala, walipika na kutunza mgao wa chakula ndani ya chumba kimoja, na huko alijifunza kwamba sakafu ni ya miguu tu. Alichukua penseli, akafuta rafu zangu zote, akachora misumari. Beseni msumarini, ungo msumarini, mchi umelala juu ya misumari miwili, ngazi, kapu, hata viti vya plastiki. Alipomaliza, kuta zote nne zilikuwa zimeota upele na sakafu ilikuwa tupu. Kinu peke yake kilibaki chini, kwa kushindwa kuning'inia.

Fundi naye alikuja na ramani yake, iliyo kichwani mwake, asiyomwonyesha mtu. Aliipima pikipiki, namsifu kwa hilo, ila aliipima matairi. Mlango ukatoka sentimita 70. Usukani ukagoma. Nilipomwita aone, aliikunja shingo pikipiki kulia, akaiingiza nusu, ikanasa kwenye vyuma vya kukanyagia. Akairudisha nyuma, akaifuta vumbi, akaitazama vizuri. "Mwalimu," akasema, "hii itabidi izoeshwe." Mpaka sasa inalala sebuleni kando ya televisheni, na wageni wanaizunguka kwa heshima.

Kijana wake wa kubeba mchanga tusimlaumu sana, ana historia nyuma yake. Che Guevara alivuka kutoka Kigoma Aprili 1965, njia inayotuletea saruji siku hizi, akakaa milima yetu ya Fizi kama miezi saba akijaribu kusaidia uasi. Katika kumbukumbu alizoandika analalamika kwamba wapiganaji walikataa kubeba mizigo, wakisema wao si malori. Wasomi husoma humo kisa cha mapinduzi yaliyoshindikana. Mimi nasoma siku ya kawaida ya ujenzi. Kijana wetu alipoonyeshwa mchanga ulioshushwa na mtumbwi ufukweni, alitaka kujua kwanza toroli liko wapi, kisha kama tairi lake lina pumzi, kisha kama chai imeiva. Che aliondoka Novemba mwaka ule ule. Fundi wangu bado yupo.

Likabaki suala la maji machafu. Sakafu ya mahali pa kufulia lazima iteremke kidogo, sentimita moja au mbili kwa kila mita, kuelekea tundu la kutolea maji. Fundi aliiteremsha, ila kuelekea sebuleni. Tulipomwaga ndoo ya majaribio maji yalikwenda moja kwa moja kuisalimu pikipiki. Akabomoa, akarudia, safari hii kuelekea nyuma, ambako pangechimbwa shimo la kupotezea maji. Kazi yake si ngumu: unachimba, unajaza mawe, unafunika, ardhi inakunywia.

Ardhi yenye kiu, lakini. Nyumba yetu iko chini ya barabara, upande wa ziwa. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, na mvua za miaka hii zimeleta maji mengi kuliko Lukuga inavyoweza kutoa. Limekuwa likipanda tangu 2020 hivi, na 2024 liliingia majumbani mwa watu Uvira, Kalemie na Bujumbura bila kubisha hodi. Likipanda ufukweni, hupanda pia chini ya mchanga, hata pale ambapo juu unaona pakavu. Kijana alichimba hadi magotini, akachimba hadi kiunoni, na kabla hajafika kifuani akapiga ukelele kwamba kuna kitu kimemshika miguu. Tulikimbia. Shimo la kumeza maji lilikuwa linayatapika. Na maji yenyewe baridi, meupe, mchanga ukitulia unaona vidole vya kijana vinachezacheza chini.

Habari ilifika mtaani kabla yeye hajatoka shimoni. Akina mama wakaja na bidoni za njano, watoto na masufuria, na mama mkwe alikwisha kusimama ukingoni na kopo, anapanga foleni. "Mungu ameleta maji mlangoni," alimwambia binti yake kwa sauti ya kunifikia mimi, "na kuna mtu alitaka kuyamwagia sabuni."

Reko wa mtaa wetu, mmoja wa wale wa kujitolea wa mambo ya afya, akafika na daftari. Baraka inakijua kipindupindu kwa jina na kwa sura, kwa hiyo reko akisema jambo hata walevi husikiliza. Alipima hatua kutoka shimoni hadi choo chetu, kisha hadi cha jirani. Kanuni inataka mita 30. Tulichopata sisi alikiandika bila kukitaja, na jirani akaangalia pembeni. Ya kufulia, ruhusa, akasema. Ya kunywa, watu waende bombani kama siku zote. Nusu ya foleni ikaondoka. Nusu ikabaki, maana kila nyumba ina nguo.

Hali ilivyo, tuna mahali pa kufulia penye maji hatua mbili kutoka mlangoni, na hatuna pa kuyapoteza yakishatumika. Tunayabeba kwa ndoo hadi kwenye migomba, ambayo haijawahi kunawiri hivi. Ile nafasi ya mashine imekaliwa na pipa la mihogo. Pipa la lita 200 lina upana wa sentimita 58, kwa hiyo limeingia likabakiza upenyo wa kidole tu kila upande. Shemeji alipopima mashine yake alikuwa anatupimia pipa. Alipoomba picha ya nafasi hiyo, mke wangu aliipiga usiku.

Fundi ndiye aliyeifanyia hesabu neema hii. Jioni, watu wakiwa wamekwisha kuchota, alikuja na karatasi. "Mwalimu, tulipatana bei ya shimo la maji machafu."

"Ndiyo."

"Hiki ni kisima. Kisima kina bei yake."

Nikamwambia mimi niliagiza shimo. Akanijibu kwa upole kwamba ningepata shimo ningelipa bei ya shimo, lakini macho ya mtaa mzima yameona kisima, na mama mkwe wangu mwenyewe amekigawia watu kwa kopo. Nikampigia shemeji nikitafuta mtetezi. Kusikia neno kisima, shemeji alianza kucheka kwa furaha, akataka video aiweke kwenye stetasi yake, akasema mtu aliyetuletea maji hadaiwi maneno, na dola atatuma kesho. Zikaja.

Fundi alipokea noti ya 20, akaiinua juani, akaizungusha. Akanionyesha mchaniko pale sikioni mwa Rais Jackson wa pichani, mdogo hata sisimizi hapiti. "Hii haitembei, Mwalimu."

Nikamwambia noti hiyo Marekani inanunua chochote, mchaniko au bila mchaniko.

"Basi," akasema akinirudishia, "huko huko ndiko ukatafute fundi."