Amepotea, Lakini Ana Mtumbwi

Mohoro, kwetu Rufiji, haijawahi kupungukiwa na madhehebu. Tunao wanaofunga na kufungua kwa mwezi ulioonekana popote duniani, tunao wanaongoja mpaka uonekane kwetu, na ndiyo maana ipo miaka pilau inaliwa nyumba hii huku nyumba ya pili wamefunga. Watoto, wasio na upande, hula Idi zote mbili. Tunao wanaosoma kunuti ya alfajiri na wasioisoma. Tunao wa maulidi ya matari na wanaosema matari ni bidaa. Ndani ya wingi huo akaingia mtoto wa kaka yangu kutoka Dar es Salaam, amemaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo, kompyuta mgongoni, akawaambia wazee barazani kwangu kwamba kazi aliyonayo kwa sasa ni kuongeza madhehebu.

"Kuongeza?" Mzee mmoja akaweka kikombe chini. "Haya tuliyonayo yana kasoro gani, mjukuu wangu?"

Mimi nina duka la steshenari. Natoa fotokopi, nachapa barua za maombi, nauza madaftari na bahasha. Barazani kuna kivuli na soketi ya kuchajia simu, kwa hiyo wazee wakishakaa hawanyanyuki mpaka iadhiniwe au umeme ukatike, na mara nyingi umeme ndio unaomtangulia mwadhini. Yote ninayosimulia hapa nimeyasikia nikiwa nyuma ya mashine ya fotokopi, sehemu ambayo mtu husahaulika upesi.

Mchezo wenyewe unaitwa Crusader Kings III, wa kampuni ya Paradox ya Uswidi, ulitoka mwaka 2020. Humo huwi askari, unakuwa ukoo. Unaoa, unazaa, unagawa urithi, mdogo wako anakupindua, unakufa, unaendelea ukiwa mwanao. Wazee walipoambiwa kwamba vita nyingi za humo chanzo chake ni mirathi, hawakuuliza tena unachezwaje. Mambo hayo wanayajua. Watengenezaji waliyaacha mafaili ya kanuni katika maandishi ya kawaida, hivyo anayetaka huyafungua akaongeza mfalme, akaongeza dini, na mchezo ukayasoma. Vijana huita kumodi. Waibadhi na Wazaidi kijana aliwakuta humo. Aliokuwa akiwahangaikia ni wale wa karne ya kwanza na ya pili ya Hijra, ambao leo wamebaki vitabuni: Murjia, Kadaria, Jabria, Kaisania.

Alianza kuwaeleza wazee kwa Siffin, mwaka 657, pale jeshi la Ali na jeshi la Muawiya yalipokubali kuamuliwa, na baadhi ya watu wa Ali wakatoka kwa hasira wakisema hakuna wa kuamua ila Mungu. Hao ndio Makhawariji. Kwao aliyetenda dhambi kubwa ametoka kwenye dini. Murjia wakasema hapana, bado ni Muislamu, hukumu yake tumwachie Mungu siku ya mwisho. Kisha kule Basra akatokea Wasil bin Ata, aliyefariki mwaka 748. Inasimuliwa kwamba mwalimu wake Hasan al-Basri aliulizwa swali hilo darasani, Wasil akamdakiza: mtu huyo si muumini wala si kafiri, yuko katikati. Akainuka, akaenda kukaa kwenye nguzo nyingine ya msikiti, na wengine wakamfuata. Ndio Muutazila.

Mimi nilielewa kabla hajamaliza, maana ninalo daftari la madeni. Mteja wangu mmoja, ambaye fotokopi za hati yake ya shamba zimo humo tangu kabla ya Ramadhani, alitikisa kichwa kwa unyenyekevu na kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo yeye ni Murjia. Mwingine, aliyelipa nusu, akachagua Muutazila. Kwa mtazamo wao Khariji wa pale alikuwa mimi. Kijana alipofika kwa Kaisania, walioinuka na al-Mukhtar mjini Kufa mwaka 685, na ambao baadhi yao walishikilia kwamba imamu wao Muhammad bin al-Hanafiyya hakufa bali amejificha katika mlima Radwa na atarudi, nikageuza ukurasa. Ninaye mteja wa namna hiyo. Hakufa, yuko Nyamisati, atarudi.

Kadaria na Jabria hawakuhitaji maelezo. Kadaria husema binadamu anatenda kwa hiari yake na ataulizwa. Jabria, pamoja na Jahm bin Safwan aliyeuawa mwaka 746, husema hana hiari, yote yamekwisha kuandikwa. Baraza langu limekuwa na mjadala huo tangu Aprili 2024, Rufiji ilipofurika na maji yakaingia majumbani. Mzee wa kwanza husema yaliandikwa. Mzee wa pili husema, "Mvua kaileta Mungu, sawa. Na aliyejenga bondeni ni nani?" Wa kwanza anajibu kwamba hata kujenga bondeni kuliandikwa. Wa pili anauliza kama na saruji iliandikwa. Hapo ndipo walipo mpaka leo. Kijana aliwasikiliza kwa heshima, akaandika, na kunong'ona, "Shangazi, hawa wamebakia kupewa rangi tu."

Rangi si mzaha. Kila dhehebu katika mchezo lazima liwe na rangi yake ya ramani, nembo yake, na misingi mitatu ya imani, mitatu kamili, si miwili wala minne. Nilidhani mtoto angekwama kwenye elimu, kumbe alikwama kwenye mabano. Kanuni zote hufungwa kwa mabano yaliyopindapinda, likikosekana moja la kufungia, kinachofuata kinaingia tumboni mwa kilichotangulia. Usiku mmoja Jabria wakawameza Kadaria. Wale wanaosema binadamu hana hiari waliwameza wanaosema anayo, tena bila kuwauliza. Alipolipata bano, majina yakagoma: badala ya Murjia, kioo kikaandika herufi ndogo za Kizungu zilizounganishwa kwa vistari, kwa sababu faili la majina lilihifadhiwa kwa namna mchezo usiyoitaka. Mzee wa Jabria akasogeza miwani, akasoma, akasema hata mimi ningekuwa mchezo ningekataa.

Kisha likatokea la mtihani. Kijana alitaka kuhakiki orodha yake katika karatasi, akachapa kwenye mashine yangu, saa ileile mashine ilipokuwa ikitoa mtihani wa madrasa. Karatasi zikatoka pamoja, zikapigwa pini pamoja, zikaenda madrasa pamoja. Keshoye mama mmoja alifika dukani amemshika mwanawe mkono.

"Mtoto kaulizwa rangi ya Kaisania," akasema. "Kajibu kijani. Kapata?"

Nikamtazama kijana. Kijana akasema kwa sauti ya chini kwamba ni nyekundu. Maalimu, Mungu amzidishie, alikuwa amempa mtoto alama mbili kwa kutokuacha wazi.

Lakini kilichonikalisha mimi mwenyewe mbele ya ile kompyuta ni kitu kingine. Mchezo unataka kila imani iseme inazionaje nyingine, na una viwango vinne tu: mwenye haki, aliyepotea, adui, mwovu. Kijana alikuwa akijaza jedwali hilo, nani kwa nani, akawauliza wazee wampe mifano ya hapa ili apate kipimo. Likasimuliwa la mafuriko.

Maji yalipopanda, mzee wa maulidi alikwama juu ya dungu lake shambani, ile nyumba ya miguu mirefu tunayolindia mpunga. Alikuwa na mkewe, kuku, na matari yote ya maulidi ndani ya gunia la sulfeti, maana ndiye mtunzaji. Aliyefika na mtumbwi ni jirani yake, yule anayesema matari ni bidaa na kila bidaa ni upotevu, na kwa miaka wawili hao hawajaswali nyuma ya imamu mmoja. Akampakia mke. Akapakia kuku. Mzee akampitishia gunia, na lilipotua ndani ya mtumbwi likalia lenyewe, chwaka chwaka.

"Hiyo nini?"

"Vyombo."

Jirani akapiga kafi. Njia nzima gunia likalia kila wimbi likigonga, na njia nzima jirani akaleta istighfari, na kwa kuwa kafi lina mwendo wake na matari yana mwendo wake, wapo waliokuwa nchi kavu wanaoapa kwamba waliyoyasikia yakija juu ya maji ni maulidi kamili, yenye mwitikiaji.

"Sasa," kijana akauliza, kidole juu ya kitufe, "babu, wewe yule jirani unamwonaje? Mwenye haki, aliyepotea, adui, au mwovu?"

"Amepotea," mzee akajibu bila kusita. "Lakini ana mtumbwi."

Kijana akasubiri. Mzee hakuongeza neno. Akamuuliza na jirani, naye alikuwepo, simu yake iko kwenye soketi. "Kapotea huyu," jirani akasema, "tena sana. Mlau wa mwaka ule, tulipolima maji yaliposhuka, ndiye aliyenipa mbegu." Mchezo hauna kiwango hicho. Mtoto alitafuta katika mafaili yote kama kuna mahali pa kuandikia "amepotea lakini". Nadhani wale Waswidi hawakuwahi kuishi bondeni.

Wazee walikuwa na wasiwasi mwingine, wa hesabu. Hadithi ya umma kugawanyika makundi 73 kila mtu anaijua, wakataka kuhakikisha mtoto havuki idadi. Akawatuliza kwamba tatizo hilo ni la zamani. Mwanachuoni al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1037, aliyapanga makundi, mengine akayagawa, mengine akayaunganisha, mpaka akafika 73 sawasawa. "Basi na yeye alikuwa anamodi," akasema Maalimu, akaomba chai ya pili.

Aliyewaudhi wote ni mchora ramani. Mchezo unaweza kuuanza mwaka 867. Wakati huo Shanga, kisiwani Pate, watu walishakuwa na msikiti tangu karne ya 8. Lakini ramani inafika Pembe ya Afrika inakoma. Mwaka 869, miaka miwili tu ndani ya mchezo, Ali bin Muhammad aliwaongoza watumwa walioitwa Zanji katika mabwawa ya Basra wakapigana mpaka 883. Yaani Wazanji wanahesabika, nchi ya Zanji imekatwa. Boriti za mikoko ya delta yetu zimeezeka nyumba za Ghuba kizazi baada ya kizazi, na katika mchezo nyumba zipo, sijui paa wamelitoa wapi. Kijana akasema ndiyo maana hatua inayofuata ni kuishusha ramani, na ataanza na Wazaidi, kwa kuwa Mreno João de Barros aliandika mwaka 1552, kutoka habari za Kilwa, kwamba Waarabu wa kwanza kuhamia pwani hii walikuwa wafuasi wa Zaidi, ambao baadaye waliingia bara wakachanganyika na wenyeji. Mzee mmoja, ambaye babu yake aliitwa Zaidi, akakaa vizuri kitini.

"Ila kila jimbo," kijana akasema, "lazima liwe na makao makuu."

"Mohoro," wakajibu.

Hili mgeni asingelijua. Mjerumani alijenga boma lake hapa, hapa ndipo alipomnyonga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yule wa Maji Maji, tarehe 4 Agosti 1905, na wilaya ya Rufiji ilitawaliwa kutoka hapa kabla makao hayajahamia Utete. Uhamisho huo wazee wanausimulia kama wa juzi.

"Na Utete niiweke wapi?"

"Mwaka huo wa 867 ilikuwepo?"

"Sina ushahidi, babu."

"Huna ushahidi, usiweke."

Mzee wa Jabria, ambaye mkewe ni wa Utete, akasema huo ni uonevu. Akaambiwa na uonevu uliandikwa. Akainuka, akachomoa simu yake ikiwa na asilimia kumi na moja, akavuka barabara, akaenda kukaa kwenye baraza ya fundi cherehani. Wawili wakamfuata, mmoja wao ni yule Murjia wangu wa fotokopi.

Kijana aliwatazama mpaka walipopata viti, kisha akafungua kompyuta.

"Shangazi, hawa niwape rangi gani?"