Soli Yenye Hataza: Mwongozo kwa Fundi wa Mikumi

Ndugu fundi, hongera. Habari zimetufikia kwamba umechonga soli mpya ya katambuga, yenye mifereji inayotema tope badala ya kulibeba, na kwamba dereva mmoja wa lori la Tunduma ameshaitamani. Hapo kwa dereva ndipo ulipoanza kuharibu. Kuanzia leo, nyamaza.

Kama lengo lako ni kuuza viatu, usiendelee kusoma. Rudi kazini, wateja wanasubiri. Mwongozo huu ni wa fundi anayetaka hataza, yaani karatasi ya serikali inayomzuia kila mtu mwingine kutengeneza, kuuza au kutumia uvumbuzi wake bila ruhusa. Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, Sura ya 217, inataka mambo matatu. Uvumbuzi uwe mpya. Uwe na jambo ambalo fundi mwenzako mwenye ujuzi wa kawaida asingelifikia kwa wepesi. Na uweze kutengenezwa au kutumika katika kazi ya uzalishaji.

Tuanze na upya, maana ndiko wengi wanakofia. Upya haupimwi kwa Mikumi, wala kwa Kilosa, wala kwa mkoa mzima wa Morogoro. Unapimwa kwa dunia. Kitu kikishaonekana hadharani, iwe Hanoi au Kidodi, si kipya tena, hata kama aliyekionyesha ni wewe mwenyewe.

Sasa tazama mahali unapofanyia kazi. Uko chini ya mwembe, mbele ya bodaboda wanne, muuza kahawa, na mzee mmoja ambaye hajaleta kiatu tangu enzi za raizoni lakini hakosi kiti. Hao wote, kwa jicho la sheria, ni umma. Mzee akiinua soli yako, akaigeuza, akasema "hii itateleza tu", uvumbuzi wako umeshafichuliwa, tena na maoni yake yametolewa bure. Hamia ndani. Ziba dirisha kwa kanga. Kijana unayemfundisha kazi asishike msharasi wala gundi kabla ya kutia saini hati ya kutunza siri. Mkeo naye asaini, ingawa ndiye anayekudai kodi ya hicho chumba.

Maonyesho ni hatari kubwa zaidi. Viwanja vya Nane Nane Morogoro, Sabasaba Dar es Salaam, na yale mashindano ya ubunifu ya MAKISATU yaliyoanzishwa mwaka 2019, kote huko wabunifu hualikwa kwa moyo mweupe waje waonyeshe walichobuni. Sheria huacha mwanya mwembamba wa muda mfupi kwa maonyesho rasmi, lakini fundi mwenye busara hapiti kwenye mwanya akiwa amebeba tairi. Peleka ombi kwanza, uonyeshe baadaye. Mkuu wa wilaya akikufuata na waandishi wa habari nyuma yake, mwonyeshe jiko la mkaa.

Malighafi tutaipita haraka. Barabara ya TANZAM inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, na malori yaendayo Zambia na Kongo hupasukiwa matairi bila ubaguzi. Usiokote tairi ndani ya hifadhi. Ukishuka kwenye gari humo na kuanza kuburuta mpira vichakani, utatakiwa kujieleza kwa askari, na maelezo yoyote yanayohusu soli yatasikika kama uongo. Subiri likupasukie Doma au mjini kwenyewe. Chagua tairi ambalo bado lina kashata; kipara kitakupa ndala, na ndala haiombewi hataza.

Kisha jaribu. Njia nzuri ni ya kutoka Kilosa kuja Mikumi wakati wa masika, kupitia Ulaya. Usiruke kijiji hicho. Baadaye, kwenye maelezo ya ombi lako, utaandika bila kudanganya hata chembe kwamba soli hii imefanyiwa majaribio Ulaya na imefaulu. Ila tembea usiku, kwa sababu kuvaa kiatu njiani mchana nako ni kukionyesha. Fisi na tembo, kwa bahati nzuri, si umma. Wanaweza kuitazama soli yako wapendavyo, na upya wake ukabaki palepale.

Inayofuata ni kazi ya kalamu, na hapa fundi hodari anaweza kushindwa na karani asiyejua hata kupiga kiwi. Ombi lina maelezo, michoro, muhtasari, na madai. Roho ya hataza ni madai. Kile usichokidai si chako, na ukidai kupita kiasi unanyang'anywa chote. Katu usiandike "katambuga zangu mpya". Andika hivi:

"Dai la 1: Kifaa cha kuukinga unyayo, chenye tabaka la chini la mpira uliopikwa kwa salfa, lenye uso unaoelekea ardhini, uso huo ukiwa na mifereji kadhaa inayopanuka kuelekea ukingoni, ambapo mgandamizo wa uzito wa mvaaji husababisha udongo ulionaswa kusukumwa nje ya mifereji hiyo."

Ukimsomea mama yako na asijue kwamba ni kiatu, umeandika vizuri. Dai la 2 litasema ni kifaa kama kilivyoelezwa katika dai la 1, ambapo mifereji hiyo ni saba. Dai la 3 litasema mikanda yake imeshikwa na misumari. Na utaendelea hivyo hadi karatasi iishe au ujasiri uishe. Angalizo: madai ya kwanza ya mafundi huwa mapana mno. Dai linaloanza na "kitu chochote kinachokaa kati ya mguu na ardhi" litawakamata kampuni ya viatu ya Bata, mshindani wako wa stendi ya Kilosa, na kwato za mbuzi.

Kuhusu kutengenezeka kiwandani usipoteze usingizi, maana mkoa wetu una rekodi. Miaka ya 1970 Benki ya Dunia ilikopesha fedha za kujenga kiwanda cha viatu mjini Morogoro. Kilitakiwa kutoa pea milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikiwa za kuuzwa Ulaya, na safari hii si ile Ulaya ya njia ya Mikumi. Kuta zilikuwa za alumini, hewa haipiti, katika mji ambao mwezi wa Januari hata mjusi hutafuta kivuli. Kiwanda hakikuwahi kuvuka kiasi cha asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Nyaraka zake zilikuwa kamili. Nalitaja hili kukutia moyo: sheria inauliza kama kitu chako kinaweza kutengenezwa kiwandani, haiulizi kama kuna kiwanda kitakachokitengeneza.

Sasa peleka ombi BRELA, wakala wa serikali anayesajili hataza, ada mkononi. BRELA itatazama kama fomu zimekamilika. Ukitaka hataza itakayotambulika katika nchi kadhaa kwa ombi moja, iko njia ya Harare, Zimbabwe, yalipo makao ya ARIPO, shirika lililotokana na Mkataba wa Lusaka wa mwaka 1976. Itifaki ya Harare ya mwaka 1982 ndiyo iliyolipatia shirika hilo mamlaka ya kuchunguza na kutoa hataza, na Tanzania imo tangu 1999. Wakishamaliza kuchunguza, nchi ulizozitaja hupewa miezi 6 ya kukataa. Nasi Watanzania, ambao hatuwezi kupanga harusi bila vikao sita, hatuna haki ya kulalamikia urefu wa utaratibu huu.

Mchunguzi wa hataza hatakuja Mikumi. Hatavaa soli yako. Tope jeusi la mbuga ya Mkata, lile linaloweza kumvua mtu viatu na heshima kwa hatua moja, halimhusu. Hachunguzi kama soli ni nzuri. Anachunguza kama ipo iliyoitangulia. Jiandae basi kwa barua yake.

Barua itaanza kwa upole, kisha itakueleza kwamba soli ya tairi imevaliwa na wapiganaji wa Vietnam, na Ho Chi Minh mwenyewe akiwamo. Itakueleza kuhusu mafundi wa Mexico. Itamtaja Bethlehem Tilahun Alemu wa Addis Ababa, aliyeanzisha soleRebels mwaka 2004 na kuzipeleka sandali za soli ya tairi hadi madukani ng'ambo. Kama mchunguzi ana muda, atakukumbusha kwamba wapo Wamasai na Waparakuyo wanaokatiza wilaya yako mwenyewe wakiwa na tairi la pikipiki miguuni, na kwamba hukuwaona kwa sababu ulikuwa umejifungia chumbani na kanga dirishani.

Ukijitetea kwamba kilicho kipya ni ile mifereji, atamtoa Bill Bowerman, kocha wa riadha wa Oregon. Mwaka 1971 huyu alichukua chuma cha mkewe cha kuokea mikate yenye vishimo vya mraba, akamimina mpira wa kimiminika ndani yake. Chuma kikagandamana, hakikufunguka tena. Lakini wazo lilifunguka, na mwaka 1974 Bowerman akapata hataza ya Marekani kwa soli yenye vinundu; kampuni aliyokuwa mwanzilishi mwenza inaitwa Nike. Hapa Mikumi kila nyumba ina kikaango cha vitumbua. Sijasikia aliyemimina mpira humo, na kwa kuwajua akina mama wa Mikumi, sidhani kama angebaki hai hadi siku ya kujaza fomu.

Ukisema soli yako imepinda, atakutolea Karl Müller, mhandisi wa Uswisi, aliyeingiza sokoni mwaka 1996 viatu vyenye soli iliyobinuka kama mtumbwi, vikaitwa MBT, kifupi cha maneno yenye maana ya teknolojia ya Kimasai ya kutembea peku. Naomba nitue hapa kidogo. Mwendo wa Mmasai haukupewa hataza. Hauwezi kupewa, ni wa zamani mno na ni wa watu wengi mno. Kilicholindwa ni soli iliyobuniwa ili mtu wa Zurich naye atembee kana kwamba hana soli. Jina la Wamasai lililobandikwa juu ya kiatu ni kesi ya alama za biashara, na wapo Wamasai wanaolifuatilia jambo hilo kupitia Maasai Intellectual Property Initiative. Usilichanganye na ombi lako, litakuzeesha.

Labda utaleta wazo lako la pili, lile la soli inayoacha alama ya mguu mtupu, au ya kwato, ili anayefuata nyayo apotee. Karibu na hifadhi wazo hilo lina wateja, na ndiyo maana tunakushauri ulifukie. Sheria hainyoshei mkono uvumbuzi unaokwenda kinyume na maadili na utaratibu wa umma. Halafu si jipya: katika Vita Kuu ya Pili, idara ya siri ya Uingereza ya SOE iliwapa majasusi wake wa Kusini-Mashariki mwa Asia soli za mpira zenye umbo la unyayo mtupu. Mchunguzi analo hilo faili. Askari wa hifadhi, naye, ana njia zake.

Kufikia hapo utakuwa umekasirika, na utataka kuandika kwamba wazungu wameshahodhi kila kitu. Usiandike. Barua hiyohiyo inayokunyima ndiyo inayokulinda. Kwa sababu katambuga imevaliwa Kilosa, Addis na Hanoi mchana kweupe, hakuna kampuni ya Oregon wala ya Guangzhou itakayokuja kuidai, na wewe ukalipishwa kwa kukata tairi chini ya mwembe wako. Wale bodaboda wanne na mzee wa raizoni ni mashahidi wa uhuru wako. Mpe mzee kahawa.

Jibu barua kwa kukonda. Ingiza dai la 2 na la 3 ndani ya dai la 1, sema mifereji saba, sema pembe yake, sema namna tope la mfinyanzi linavyotoka. Kama bado anagoma, sheria hiyohiyo ya 1987 ina mdogo wake hataza: cheti cha maboresho madogo, ambacho hakidai ule urukaji mkubwa wa akili. Mafundi wengi wangefaidika kuanzia huko, lakini cheti kidogo hakitundikwi ukutani kwa mbwembwe ileile.

Na kama Mungu amejalia, hataza ikatoka, usichinje mbuzi wote. Kuna ada ya kila mwaka, inayopanda kadiri hataza inavyozeeka; usipolipa, inakufa. Na yule mshindani wa stendi ya Kilosa atakuwa ameshainakili soli yako kwa Jumanne moja, akitumia kisu kilekile ulichomwazima. Kumfuata mahakamani ni haki yako. Charles Goodyear alipata hataza ya Marekani mwaka 1844 kwa ajili ya kuupika mpira kwa salfa. Bila kazi hiyo hata tairi lako lisingekuwapo. Alipigana na waliomwibia hadi mwisho, akafa mwaka 1860 na madeni ya takribani dola 200,000. Wewe unadaiwa kodi ya chumba tu.

Bandika basi nakala ya hataza juu ya meza, panapoonekana. Mteja atakuja, ataisoma kwa makini, atauliza kama katambuga zenye karatasi ni bei moja na zisizo na karatasi. Mwambie zenye karatasi zina nyongeza ya elfu mbili. Atachukua zisizo na karatasi. Mpe zilezile.