Vioo Viwili na Baa Moja

Mume wangu ni mhasibu, mtu mpole, asiyegombana hata na konda aliyemdhulumu chenji. Ugomvi wake hapa duniani ni mmoja tu, nao ni na besi ya baa iliyo ng'ambo ya nyumba yetu hapa Sinza. Ikifika Ijumaa usiku utamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, anahesabu mapigo kwa midomo bila kutoa sauti.

Njia za kiungwana zote alishazipita. Alikwenda kuongea na mwenye baa, akapewa soda. Akaenda kumtafuta mjumbe, akaambiwa mjumbe yuko baa. Akachapisha zile Kanuni za Udhibiti wa Kelele na Mitetemo za mwaka 2015, akapiga mstari kwa kalamu nyekundu sehemu zinazohusika, akazipeleka kwa mkono wake mwenyewe. Meneja alizisoma zote kwa heshima, akazikunja, akamuuliza kama kuna wimbo anaoupenda.

Ndipo alipokutana na habari za vioo viwili, na amani ikatoweka nyumbani hata siku ambazo baa imefungwa.

"Vinakaa sambamba," alitueleza mezani, akisimamisha visahani viwili juu ya ugali ili tuelewe. "Katikati unaacha nafasi ya milimita 12 mpaka 16, pembeni kote unaziba. Hewa ikishafungiwa humo haina pa kwenda. Joto linalopita linapungua karibu nusu, na kelele nazo zinapungua. Siyo mambo mapya haya. Mmarekani mmoja, Thomas Stetson, alipata hataza yake mwaka 1865."

Mwanetu mdogo akauliza kama na yeye alikuwa anakaa karibu na baa.

Fundi aliyeitwa ndiye yule yule aliyetufungia madirisha wakati tunahamia: aluminium ya slaidi nyumba nzima, vioo vya bluu vya milimita 5, wavu wa mbu, na grili ya nondo kwa nje. Ana karakana kando ya barabara, na msumeno wake ni moja ya kelele ambazo mume wangu alikuwa anazikimbia, ila hilo hatukumwambia. Alizunguka nyumba, akagonga fremu kwa kucha, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hii kazi ndogo, bosi."

Mwanamke aliyewahi kujenga anajua uzito wa maneno hayo. Kazi kubwa huwa ina bei, kazi ndogo huwa ina historia.

Historia yetu ilianzia kwenye rula. Kioo cha milimita 5, nafasi ya 12, kioo kingine cha 5: jumla 22. Mfereji wa fremu zetu za zamani ulitengenezwa kupokea kioo kimoja chembamba, basi. Fundi akapendekeza tubane kidogo. Mume wangu akauliza unabanaje hewa. Wakakubaliana fremu kubwa iliyogandishwa ukutani ibaki, tusije tukavunja lipu na kuanza kutafuta rangi inayofanana, ila zile za ndani zinazobeba vioo zitengenezwe upya kwa aluminium nene. Gharama ikapanda, lakini jina la kazi halikubadilika.

Kisha likaja suala la unyevu. Kati ya vioo hivyo, pembeni, hupita kipande cha aluminium chenye uwazi ndani, na ndani yake hujazwa punje za kunyonya unyevu uliobaki kwenye hewa iliyofungiwa. Bila punje hizo, kioo kinapata ukungu kwa ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Fundi akasema punje za namna hiyo mjini hapa hazipo. Mume wangu, kwa nia njema kabisa, akamweleza kwamba ni ndugu na zile zinazokaa kwenye vifuko vidogo ndani ya maboksi ya viatu.

Uso wa fundi ukachangamka. "Za viatu? Si ungesema mapema, bosi! Kariakoo nina watu."

Alirudi na mfuko wa rambo umejaa vifuko vilivyoandikwa "usile" kwa lugha zote isipokuwa yetu. Siku nzima tukakaa kibarazani, mimi, watoto na dada wa kazi, tunachana vifuko na kumimina punje kwenye beseni. Kazi yangu hasa ilikuwa kuangalia mdogo asile. Hakuna aliyeuliza vifuko hivyo vimekaa wazi kwenye maduka ya viatu kwa muda gani, vikinywa unyevu wa Dar es Salaam kwa kujinafasi.

Mlango wa sebuleni ukaleta hesabu nyingine. Kioo cha unene wa milimita moja, ukubwa wa mita moja ya mraba, kina uzito wa kilo mbili na nusu. Weka milimita 10 za vioo viwili, unapata kilo 25 kwa kila mita ya mraba, na kila upande wa mlango wetu unakaribia mita mbili za mraba. Hizo ni karibu kilo 50 za kioo kabla hujagusa aluminium, na zote zilikalishwa juu ya rola zilezile ndogo za zamani. Rola zikalalamika kwa sauti kwa muda, kisha zikapasuka. Sasa ule mlango una utaratibu wake: unaupiga teke dogo chini kushoto, unainua kidogo, halafu unausukuma kwa bega. Watoto wanauweza. Wageni tunawapitisha jikoni.

Madirisha nayo yalikuwa na siri. Slaidi, kwa maumbile yake, haizibi vizuri, maana pale panapoteleza pana brashi tu, na brashi inapitisha hewa, na panapopita hewa panapita kelele. Kwa hiyo fundi akashauri madirisha yanayotazama barabara yawe ya bawaba, yenye raba pande zote. Ushauri mzuri. Akatengeneza, akafunga, akasukuma dirisha la kwanza lifunguke kwa nje, likagonga grili. Tukabaki tunatazamana. Ghafla wote tukaelewa ni kwa nini mtaa mzima una slaidi.

"Yatafungukia ndani," fundi akasema, bila hata kupepesa.

Yakafungukia ndani. La chumbani, likiwa wazi, kona yake inakuja sawasawa na komwe la mtu anayeamka upande wa mume wangu. Amelipata mara kadhaa, na kila mara husema kwamba angalau fremu ni imara.

Lakini mimi, katika yote, kilichonikaa moyoni ni dole gumba. Silikoni ilishakauka, fundi alishalipwa na kuondoka, na jua la jioni likapiga dirisha la sebuleni kwa ubavu. Hapo, usawa wa macho ya mtu aliyekaa kwenye kochi, nikaona alama ya kidole. Nikafuta. Nikatoka nje, nikafuta. Dada akaleta gazeti na siki. Mume wangu akaleta miwani. Alama imetulia, mistari yake yote imekamilika, hata kikovu kidogo pembeni kinaonekana, nayo iko katikati, kati ya kioo na kioo, mahali ambapo imezibwa pande zote kwa gharama yetu. Fundi alipoitwa aliinama, akaitazama, akalinganisha na gumba lake.

"Ni langu kweli, shemeji," akasema kwa upole. "Ichukulie kuwa ni saini."

Ijumaa ikafika. Tukafunga kila kitu, tukawasha feni, tukakaa kitandani kusubiri. Bodaboda zikapotea. Mbwa wa jirani akapotea. Mtangazaji wa baa, yule anayewasalimia wateja wake kwa majina mpaka saa nane usiku, akapotea. Mwimbaji, magitaa, vigelegele, vyote vikaisha. Mume wangu akanishika mkono.

Besi ikabaki.

Sababu yake ameniambia baadaye, baada ya kusoma zaidi. Sauti nyembamba zinazuilika kirahisi. Sauti nzito inatikisa ukuta wenyewe, inapanda kwenye bati, inashukia kwenye dari. Tena juu ya kila dirisha letu, karibu na dari, kuna matundu ya hewa yaliyoachwa na mjenzi kwa makusudi, na vioo viwili haviwezi kuzuia kitu kinachopita juu yao. Vilevile, vioo viwili vya unene mmoja huitikia mtetemo mmoja. Afadhali kimoja kiwe cha milimita 6 na kingine cha 4. Hayo yote ni ya kweli, na yote mume wangu aliyajua wakati fundi ameshalipwa. Usiku ule tulichokuwa nacho ni wimbo uliochujwa mpaka ikabaki ngoma tupu.

"Zamani," mume wangu akasema gizani, "angalau tulikuwa tunajua ni wimbo gani."

Asubuhi tukaanza kugundua ni nini hasa tulichokizuia. Gari la taka lilipita, likapiga honi, likaondoka. Tukalala na taka zetu. Muuza samaki aliyekuwa ananipigia kelele getini, "Mama, vibua vya leo!", akadhani nimemsusa, akahamia kwa jirani. Fundi viatu akipita anagonga kisanduku chake, muuza kahawa na vikombe vyake, kijana wa dawa ya panya, mende na kunguni na kile kipaza sauti chake kinachorudia maneno yaleyale kutwa, wote wakawa wanapita bila sisi kujua. Umeme ukikatika, chumba kilichozibwa kila upande kinachemka, na tunakaa humo tunatoka jasho bila kusikia watoto wa mtaa mzima wakishangilia "Umerudiii!", wala taa hazitujulishi, kwa sababu swichi kubwa ya ukutani tulishaizima kuokoa friji. Nyumba ilikuwa inaendeshwa kwa masikio, na hakuna aliyekuwa anajua hilo, kwa kuwa masikio hayatumi bili.

Mama mkwe wangu ndiye aliyelipa zaidi. Alifika kutoka Lushoto na kikapu cha matunda damu na simu iliyozimika chaji. Akabisha hodi. Akagonga geti kwa jiwe. Akaita jina la mwanawe, kisha majina ya wajukuu kwa mpangilio wa umri. Sisi tulikuwa ndani tunakunywa chai. Mpaka dada alipotoka kuanika nguo ndipo akamwona, amekaa ng'ambo ya barabara, kwenye kiti cha plastiki, chini ya mwavuli wa baa.

Nikakimbia. "Shikamoo mama! Tusamehe, hatukusikia!"

"Marahaba mwanangu. Msijali, hawa vijana wana adabu. Wamenipa kiti, wamenipa soda. Nilikuwa nimeumwa kichwa na safari, nikawaomba wapunguze mziki wao, wakapunguza."

Mume wangu alisimama katikati ya barabara, kikapu mkononi, mpaka bajaji ikampigia honi.

Mama alikaa kwetu muda mrefu kuliko alivyopanga. Mwanawe kila jioni alikuwa anabuni sababu nyingine ya yeye kutoondoka. Kila Ijumaa saa nne usiku mama alijitanda kanga, akavuka barabara kuwasalimia vijana, akarudi, na nyumba ikatulia. Vioo vyenyewe alivipenda sana, ila alisema vimefungwa mkoa usiohusika. "Hivi mngeniletea kule kwetu mwezi wa saba, baridi inapopiga, ningewaombea dua."

Masika ilipokuja, zile punje za viatu zikawa zimekunywa vya kutosha. Ukungu ukaingia kati ya vioo. Asubuhi matone yanateremka kwa ndani, na dole gumba linafunikwa. Saa sita jua likiwaka, linarudi. Fundi akaja kuangalia, akasema hiyo ni kazi ndogo.

Sasa yeye anajitangaza mtaa mzima kuwa mtaalamu wa vioo viwili, na nyumba yetu ndiyo sampuli yake. Jumapili hutuletea wateja bila taarifa. Hugonga geti, huita, hugonga tena. Jirani ndiye aliyenisimulia kinachofuata: mteja akichoka na kutaka kuondoka, fundi humshika bega na kumwonyesha madirisha yetu.

"Umeona? Wapo ndani kabisa, na gari lao lile pale. Hawasikii kitu. Sasa unataka ushahidi gani mwingine?"