Nchi Kavu Hainiachii

Siku hizi shikamoo yangu imekufa mjini Musoma. Kuanzia Nyasho mpaka Mwigobero salamu ni moja tu: "Mwalimu, kumbe bado upo?" Wanaouliza kwa huruma ni wachache. Vijana wa bodaboda wanauliza kwa sauti ya watu waliowekeana dau.

Kisa ni kwamba nilitangaza, tena hadharani, kwamba nikistaafu nitalizunguka Ziwa Victoria lote kwa tanga, nikipika na kulala humo humo. Nianze na Kinesi, Shirati, nivuke kwa Wakenya, nifike Jinja, Entebbe, Bukoba, Mwanza, Ukerewe, kisha nirudi nyumbani kwa kupitia Kibara na Majita. Haraka ya nini? Ziwa lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na karibu nusu yake ni yetu. Mwaka mmoja, miwili, nani ananidai? Basi nimestaafu. Na ndiyo, bado nipo.

Tuanze na hesabu, maana ndilo somo nililofundisha. Boti niliichora nyuma ya daftari la maandalio, zama zile mtumishi wa serikali alipotegemea kulipwa nusu ya mafao yake kwa mkupuo. Ilikuwa ya futi 30, ina kijumba cha kulala na kabati la vitabu. Julai 2022 kikokotoo kikatua kwenye asilimia 33. Nikafuta kabati. Nikafuta kijumba. Mlingoti nikaupunguza mpaka ukafaa kuanikia nguo. Mwaka 2024 wakapandisha hadi 40, lakini fundi alikuwa keshapiga misumari, akaniuliza kama nataka aongeze mkia.

Fundi mwenyewe yuko Makoko, na ni fundi kweli, sikatai. Tatizo lake ni mwezi. Wewe unayekula dagaa bila kuuliza walikotoka huenda hujui: dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, sasa za sola, na taa haina lake mbele ya mwezi mpevu. Kwa hiyo ikifika mbalamwezi, mitumbwi yote inapandishwa mwaloni, na yote kwa mpigo inavuja, inadai ubao, inadai kalafati. Hapo fundi wangu hana nafasi. Mwezi ukifa, giza likarudi, mitumbwi inashuka, naye anashuka nayo, kwa sababu mgawo wa dagaa unalipa kuliko randa. Hapo pia hana nafasi. Nimepiga hesabu zangu zote na jibu ni lile lile: zamu yangu ni usiku wa mwezi kupatwa, tena kama wavuvi watachelewa kukubaliana watoke au wabaki.

Siku moja alipata upenyo akanituma Bunda nikatafute pamba ya kuzibia, kwa kuwa mbao zetu hazikukutana kama tulivyopatana. Nikaenda Bunda, kwenye wilaya ya wakulima wa pamba wenyewe, nikaambiwa nisubiri msimu ufunguliwe.

Fedha zilipopungua nikapanda gari hadi Butiama kwa shemeji yangu, kaka yake mama watoto, kumwomba tuuze dume moja nije nimlipe. Nilikaribishwa vizuri, nikala, nikanywa, nikasikilizwa mpaka mwisho. Ndipo akaniuliza, "Shemeji, hilo boti likikamilika, linazaa?" Nikakosa la kusema. Akaendelea: "Mwalimu Nyerere aling'atuka mwaka 1985, akarudi hapa hapa Butiama akashika jembe. Wewe ni mwalimu wa aina gani, ukistaafu unakimbilia majini?" Wazee waliokuwepo wakaguna kwa kuridhika. Nilirudi Musoma na mchango wa harusi ya mtoto wao, maana kabla sijaondoka niliteuliwa kwenye kamati.

Kuna ofisi moja, siitaji, nilikokwenda kuomba karatasi za chombo. Kijana wa dirishani akauliza ni cha uvuvi, abiria au mizigo. Nikasema ni cha kutembea. "Kutembea na nani?" Peke yangu. Akaangalia fomu juu mpaka chini, haina mahali pa mtu anayetembea peke yake. Palipoandikwa nguvu ya injini nikajaza "upepo". Fomu ikarudishwa: niandike namba. Sasa upepo ninaupa namba gani mimi, wakati kila siku anauongeza na kuupunguza Mungu?

Mama watoto ndiye aliyenimaliza, na nilijitakia, maana nilikuwa namsomea historia ili ajue kwamba safari hii imeshafanyika. Tarehe 8 Machi 1875, Henry Morton Stanley aliondoka Kagehyi, kwenye Ghuba ya Speke, na boti yake Lady Alice, iliyotoka pwani vipande vipande kwa mabega ya wapagazi. Akapita Ukerewe, akapita mbele ya Majita hii hii, akalizunguka ziwa lote na kurudi kwa siku 57. Mimi siku 57 hazinitoshi kupata muhuri. Na wala hakupita kwa upole. Watu wa kisiwa cha Bumbire walipigwa risasi, wakati mimi nilitaka kupita nikisalimia tu.

Mama watoto hayo yote hakuyajali. "Huyo Alice ni nani?" Mchumba wake, nikamwambia, aliyeahidi kumsubiri. "Akamsubiri?" Ikabidi niseme ukweli. Januari 1876, jamaa akiwa bado huku na boti yenye jina lake, binti aliolewa kwao Marekani na mtoto wa tajiri wa mabehewa. Mama watoto alicheka mpaka akaweka ungo chini. Tangu hapo kila nikigusa habari ya safari ananiuliza boti nimeipa jina gani.

Ziwa lenyewe silisingizii. Upepo wa Musoma una adabu: alfajiri unavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka na kurudi. Kila siku unakuja kunichukua na kila siku unaniacha. Vijana wanasema, "Mzee, funga mashine uondoke." Kana kwamba mashine itanitoa kwenye kamati ya harusi! Kinachonichelewesha ni nchi kavu, na nchi kavu haina mashine.

Ushahidi ni tanga langu. Wavuvi wanashona matanga kwa viroba vya sukari na wanakwenda, lakini mimi nikanunua Bunda turubai la maana, zito, la bluu. Mtu mwenye turubai kubwa mtaani si mali yake tena. Jirani wa Nyasho alifiwa, wakaja wazee watatu: "Mwalimu, tunaomba lile turubai, siku mbili tu." Nani anamkatalia mfiwa? Likatoka hapo likaenda kwenye kipaimara Bweri, likaenda Kiabakari, likaenda Butiama kwa wakwe zangu hao hao, ambako hakuna aliyeuliza kama linazaa. Kila linaporudi lina tundu jipya na harufu ya pilau. Limeshatembea mkoa mzima, na mwenye nalo hajafika Kinesi, panapoonekana kutoka hapa kwa macho.

Mara ya mwisho lilionekana juu ya kirikuu likielekea tena Bunda. Aliye nalo namwomba alifikishe kwa fundi pale Makoko, kabla ya mbalamwezi. Kama mna msiba, basi kaeni nalo kwanza. Poleni sana.