Tani Moja na Robo ya Kamba Mawe

"Kijana, huyu kamba nilimla na ukoo wake mzima?"

Signora aliniuliza hivyo jana asubuhi mbele ya foleni ya wageni, teksi ya kumpeleka uwanja wa ndege wa Malindi ikipiga honi nje, bili ameinyanyua juu kama refa anayetoa kadi nyekundu. Huja kila mwaka, na Kiswahili chake amekinoa kwa ajili ya kutukejeli. Bili ilisema: kamba mawe, kilo 1,250, shilingi 3,750,000. Foleni nzima ilicheka. Mpiga honi aliingia ndani ili naye acheke.

Ukilielewa jambo lenyewe, linapendeza. Mzani wa jikoni ulitoka Italia na mwenye hoteli wa zamani, na Waitaliano huweka mkato pale sisi tunapoweka nukta. Kilo moja na robo, mzani huandika 1,250. Miaka yote hiyo mpishi alisoma, akaandika kwenye karatasi, na hakuna aliyewahi kudhani kuna mtu amekula tani. Wakaja vijana wa programu kutoka Nairobi. Wakaunganisha mzani na mashine ya mgahawa, mashine na mfumo wa hesabu, mfumo wa hesabu na eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, KRA. Sasa, mfumo wa hesabu ukikuta mkato huufuta, maana kwake huo ni pambo la maelfu tu. Ikabaki 1250, mara shilingi 3,000 za menyu.

Na kila kiungo kilifanya kazi yake vizuri ajabu! eTIMS ililetewa ankara, ikaipokea: VAT ya asilimia 16 ndani yake, shilingi 517,241, namba hii hapa, msimbo wa QR huu hapa. Ankara ikishapata namba haifutwi. Hutolewa krediti noti inayoitaja ile ya kwanza, ndipo unaandika upya. Nikaitoa, Signora akalipa 3,750 zake, akaondoka.

Lakini krediti noti ilirudisha pesa, haikurudisha kamba. Stoo haikuambiwa kitu. Kwa hesabu yake tulikuwa na kilo elfu na ushei chini ya sifuri, na saa sita usiku, mfumo ulipofunga siku, ukaagiza wenyewe. SMS ikaenda kwa mvuvi wetu wa Mayungu. Leo alfajiri akanipigia: "Mwanangu, mmefungua hoteli ngapi?"

 

Nilicheka tena, mpaka mzee aliponiambia ameshawaita wenzake, na petroli na barafu wamechukua kwa mkopo. Nani atalipa? Waliotuuzia mfumo wanasema kwamba mtumiaji hakurekebisha mipangilio ya mzani. Mtumiaji ni mpishi.

Na mzee huyo bado anatudai ya mwezi uliopita. Tangu Januari 1, 2024, matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS hayakubaliwi kwenye hesabu ya kodi ya mapato, kwa hiyo mhasibu mkuu ameshikilia malipo yake. Mtu anazama kwa pumzi zake mwenyewe, anaingiza mkono kwenye pango la jiwe asilolijua lina nini, anatoka viganja vimechanika, halafu anadaiwa ankara yenye QR. Sheria yenyewe ilishalegezwa mwishoni mwa 2024: mnunuzi anaruhusiwa kumtolea ankara muuzaji mdogo. Ila kwenye mfumo wetu kitufe hicho hakipo. Kinauzwa kando, shilingi 84,000, na mkurugenzi anasema tusubiri msimu.

Nikamweleza mzee hivyo hivyo. Akauliza hicho kitufe ni kamba kilo ngapi. Kwa bei ya menyu, nikamwambia, kilo 28. Kwa bei tunayomlipa yeye, tukimlipa, ni 56.