Mwongozo kwa Aliyenunua Drili Jana

Hongera. Drili ya betri imeingia nyumbani, na kuanzia leo kila ukuta utauona una upungufu wa tundu. Pazia lililoning'inia miaka sita kwenye kamba litadai bomba. Picha ya harusi itaomba uhamisho. Hata kabati lisilo na kosa utalikazia jicho la fundi. Furaha hiyo ni halali yako, nami naishiriki. Ninachokuomba ni dakika kumi tu: keti na mashine yako, betri ukiwa umeichomoa, mjuane.

Anza na maandishi ya ubavuni. Drili za bei rahisi huandikwa 48VF, 88VF, hata 128VF. VF si kipimo chochote cha umeme. Fungua nyingi ya betri hizo, utakuta seli tano za lithiamu, kila moja volti 3.6, zidisha upate 18, na zikijaa pomoni hufika kama 21. Mnunuzi anayelipia 88 anadanganywa, na jambo hili linanikera kwa sababu anayedanganywa mara nyingi ni kijana anayeanza ufundi na akiba yake ndogo. Ukirudi dukani kwa betri nyingine, uliza ampea-saa zake, kisha ipime mkononi kwa uzito: seli nzuri huwa na uzito wake.

Jina la chombo hiki tulikuwa nalo zamani: kekee. Kule Nungwi, Unguja, waunda majahazi wametoboa mbao kwa kekee ya uta vizazi na vizazi. Chuma kinakaa kwenye mti uitwao msukano, mshikio uitwao jivu unashikwa kwa juu, na uta unakwenda mbele na nyuma ukiuzungusha msukano. Hutoboa kwanza, ndipo msumari uingie, ubao usipasuke. Mwenye kekee alijifunza mkao, pumzi na mkono ulionyooka kabla hajapata tundu moja la maana. Drili inataka kidole kimoja tu. Mazoezi yale hukuyapitia, kwa hiyo uangalifu huna budi kuuleta mwenyewe.

Mavazi kwanza. Kanzu, kikoi chenye ncha zinazopepea, mtandio, mkufu, nywele ndefu zilizoachiwa: vyote hivyo biti, yaani chuma kinachotoboa, huvivuta kwa haraka kuliko kidole chako kinavyoachia kitufe. Glovu nazo zivue. Watu wengi huzivaa wakidhani wamejikinga, kumbe uzi mmoja ukinaswa, mkono wote unafuata. Miwani ya kukinga macho usiiache kamwe, hasa unapotoboa dari, maana vumbi la saruji huanguka moja kwa moja machoni. Kata kitako cha chupa ya plastiki, kitoboe katikati, kivishe biti kama sahani. Vumbi litatua humo, na mke wako atakuruhusu utoboe tena wiki ijayo.

Kisha ukuta. Waya wa umeme uliofukiwa kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi, au huenda mlalo usawa nazo. Basi usitoboe juu yake, chini yake, wala pembeni kwa mstari ulionyooka. Mabomba ya maji uyakisie hivyohivyo kutoka kwenye koki. Na hapa drili ya betri ina neema ambayo ya waya haina: unaweza kuzima mein swichi ya nyumba nzima na bado ukatoboa. Zima. Friji litavumilia dakika tano.

Alama ya nyundo kwenye drili ni ya zege na matofali. Kwenye mbao, chuma na vigae iondoe. Kuta za mawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe, nazo anza bila nyundo, la sivyo plasta ya babu itakumwagikia miguuni. Fisha, ile plastiki ya kushikia skrubu ukutani, ikiwa ya milimita 6 inataka biti ya milimita 6. Funga utepe kwenye biti kuonyesha kina, usikisie. Chuma kitoboe polepole, gia ya kwanza, tone la mafuta, na kipande kikiwa kimebanwa mezani. Bati lililoshikwa kwa mkono hugeuka kisu biti inapotokeza upande wa pili. Nimemwona fundi aliyeshonwa kiganja kwa kosa hilo, na tangu hapo sishiki kipande chochote kwa mkono. Biti ikigoma usiisukumie kifua. Pengine imebutuka, pengine umeelekeza mashine izunguke kinyumenyume, na hilo huwapata hata wazoefu.

Sasa betri, sehemu ninayoiogopea zaidi. Ikitoka kazini ina moto, iache ipoe ndipo uichaji. Usiiache ndani ya gari juani, wala usiitie mfukoni pamoja na misumari na sarafu, maana chuma kikiunganisha ncha zake inaweza kuwaka. Kwa lithiamu hakuna haja ya kumaliza chaji yote kwanza. Huo ni mtindo wa betri za nikeli za zamani. Ukiiweka kwa muda mrefu, iwe na chaji kama nusu, mahali pakavu, mbali na hewa ya chumvi. Ikivimba, kazi yake imekwisha: usiifungue, usiichaji, na nakusihi usiitupe jalalani ambako taka huchomwa na watoto hupita.

Mwisho wa siku chomoa betri, legeza biti, pangusa vumbi kwenye matundu ya kupitishia hewa kwa mswaki mkavu.

Jirani atakuja kuazima, labda kesho asubuhi, kabla hujamaliza chai. Mpe. Ila mpe na miwani.